Rejista ya kifafa huanza na swali kwa mama

Mama anaingia kliniki na mtoto wa miaka 7, anasema, "Daktari, huyu ana degedege." Tukiliandika neno hilo tukaishia hapo, rejista imeshaharibika ukurasa wa kwanza. Degedege la homa huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kifafa ni pale mtu anapopata mishtuko miwili au zaidi, iliyopishana kwa zaidi ya saa 24, bila kisababishi cha papo hapo kama homa kali au sukari kushuka.

Kwa hiyo tunauliza: mara ya mwisho ilianzaje? Mama ananyamaza kidogo, kisha ananyoosha mkono wake mwenyewe. "Kidole gumba cha kushoto kinacheza, halafu mkono mzima, shingo inageuka, ndipo anaanguka." Maneno hayo yanatuelekeza upande wa kulia wa ubongo, unaoongoza upande wa kushoto wa mwili, hata pale ambapo hakuna kipimo cha kichwa. Yaandikwe kama alivyoyatamka.

Mahenge, mkoani Morogoro, panatufundisha thamani ya maandishi ya namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dkt. Louise Jilek-Aall kutoka Norway aliendesha kliniki ya kifafa huko, na akaandika kuhusu watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Miongo kadhaa baadaye hali kama hiyo ilipojitokeza Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, watafiti waliyarudia maelezo yake, na leo uhusiano wa hali hiyo na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi, unachunguzwa kwa bidii.

Kompyuta si lazima siku ya kwanza. Kaunta buku iliyopigwa mistari vizuri inatosha kuanzia. Kinachosumbua zaidi ni majina: mwanamke mmoja ataandikwa kwa jina la baba yake zahanati, kwa jina la mume hospitali ya wilaya, na kijijini anaitwa Mama fulani. Mtu mmoja anakuwa watatu. Ndiyo maana tunampa namba moja, na kando yake tunaandika kijiji, kitongoji, simu ya ndugu anayeaminika na, kwa idhini yake, jina la balozi wa nyumba kumi. Umri usipojulikana, tunauliza alizaliwa msimu gani, kabla au baada ya tukio gani.

Idhini nasisitiza kwa dhati. Kifafa bado kinavunja uchumba na kuwatoa watoto shuleni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni taarifa nyeti. Orodha ya majina ifungiwe kabatini. Ya kuchambulia ibaki na namba tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mishtuko wakitibiwa ipasavyo. Lakini dawa ya kifafa kama fenobabito ikikatizwa ghafla, mshtuko unaweza kuja mfululizo bila kukoma, na unaua. Kwa sababu hiyo safu ninayoitazama kwanza kila Jumatatu ni ile ya tarehe ya kurudi. Asiyefika ndani ya wiki moja anapigiwa simu. Simu isipopatikana, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafuata njia hadi mlangoni, akiwa na dawa za kumvusha hadi kliniki ijayo.