Mgonjwa amepata nimonia wodini, daktari anataka kumchoma sindano kifuani

Haya ni maswali ya jamaa wanaouguza mtu katika hospitali ya Jaramogi, Kisumu, ambayo wengi bado tunaiita Russia. Sindano yenyewe si ya kutia dawa, ni ya kuvuta majimaji kidogo kutoka pafuni ili yapimwe ni vijidudu gani.

Mama alilazwa kwa kuvunjika nyonga. Siku ya tano akapata homa na makohozi mazito. Nimonia ameitoa wapi?

Ikianza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa, huhesabiwa ni ya hospitalini. Anayelala chali muda mrefu hapumui kwa kina wala hakohoi vizuri, na mate yenye vijidudu humteremkia mapafuni. Vijidudu vya wodini, kama Klebsiela, mara nyingi ni sugu kwa dawa za kawaida.

Si wapime makohozi tu?

Huanzia hapo, na ni sawa. Ila makohozi huzoa vijidudu vya mdomoni, na mgonjwa dhaifu huenda asiweze kuyatoa. Sindano hufikiriwa dawa zikigoma na picha ikionyesha sehemu iliyoathirika iko karibu na ukuta wa kifua. Si kipimo cha kila mtu.

Inafanywaje?

Ngozi husafishwa, kisha huchomwa ganzi. Daktari, akiangalia kwa ultrasaundi au CT (mashine za kuonyesha picha za ndani ya mwili), hupitisha sindano nyembamba katikati ya mbavu, akipita juu tu ya ubavu wa chini, kwa sababu mishipa ya damu hujificha chini ya kila ubavu. Mama ataombwa abane pumzi kidogo, asikohoe. Majimaji machache yakivutwa hupelekwa maabara. Kuotesha vijidudu huchukua kama siku 2 au 3, lakini antibiotiki hazisubiri majibu.

Pafu halitatoboka?

Hofu hiyo ina msingi, msione haya kuiuliza. Hewa inaweza kuvuja na pafu likasinyaa. Uvujaji mdogo hupona wenyewe, mkubwa huhitaji mpira wa kutoa hewa. Anaweza pia kukohoa damu kidogo. Kwa hiyo damu hupimwa kwanza kama inaganda vizuri. Semeni mapema kama anatumia wafarini au aspirini, dawa zinazozuia damu kuganda. Aliye kwenye mashine ya kupumulia kwa kawaida hachomwi, sampuli yake hutolewa kupitia mpira wa mashine.

Baadaye, kifua kikimbana ghafla au pumzi ikimkatika, mwite muuguzi papo hapo. Tafadhali msingoje raundi ya daktari.

Sisi tusaidie vipi?

Osheni mikono kabla ya kumshika. Msafisheni kinywa kila siku. Muulizeni muuguzi kama nyonga inaruhusu kuinua kichwa cha kitanda, na uji msimnyweshe akiwa amelala chali, hata akiomba.