Acheni kumwandama mwenyekiti wa LC1

Wiki jana nimeambiwa tena: "Injinia, mwenyekiti wetu amelala. Mwaka mzima tunamwambia habari ya njia ya miguu, hajaigusa." Aliyesema ni mama anayeuza nyanya karibu na stendi ya bodaboda, mtu ninayemheshimu, nami nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili. Naandika ili nisimkaripie mwingine.

Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji hapa Uganda, hana hata mfuko mmoja wa saruji wa barabara. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, kijiji ni kitengo cha utawala tu. Mwenyekiti atakupigia muhuri barua yako, atasuluhisha ugomvi wa mpaka, basi. Fungu la barabara liko juu yake: halmashauri ya mji, manispaa, jiji au wilaya. Mbunge naye hana mhandisi wala greda, hata aahidi nini jukwaani.

Sasa swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza: barabara hiyo ni ya nani? Watu husema "ya serikali" kana kwamba serikali ina mlango mmoja. Uganda kuna barabara za kitaifa, za wilaya, za mijini, na zile za jamii vijijini. Barabara kuu inayokatiza mjini mara nyingi ni ya kitaifa, ingawa wenye maduka pande zote mbili hulipa leseni kwa halmashauri. Zile za kitaifa zilikuwa za UNRA, mamlaka ya barabara za kitaifa, mpaka ilipovunjwa mwishoni mwa 2024, kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Jijini Kampala, tangu 2011, kuna KCCA, mamlaka ya jiji hilo. Nimewahi kushika barua nzuri, yenye sahihi za mtaa mzima, iliyolala kwenye faili miezi minane kwa kuwa ilipelekwa kwa ofisi isiyo na barabara ile. Aliyeipokea alijua hivyo siku ya kwanza. Hakuwaambia, na hilo linaniuma hadi leo.

Ukishamjua mwenye barabara, tazama chini. Mbele ya duka moja la dawa mfuniko wa mfereji umetoweka, na mtu mwema amechomeka tawi la mwembe ili watu wasitumbukie usiku. Nilipima: upana sentimita sabini, kina kinapita mita moja. Kwenye kingo za zege nondo zimekatwa sawasawa, zinang'aa. Mfuniko ule haukuporomoka kwa uzee. Umevunjwa, chuma kikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hatua kumi mbele kuna mstari ulionyooka kama rula, umejazwa murram, udongo mwekundu wa barabara, iliyokwisha kudidimia. Huo ni mtaro wa bomba au kebo, na aliyeuchimba kwa kibali ndiye anayepaswa kurudisha njia ilivyokuwa, kwa gharama yake.

Mhandisi akipata barua inayosema "njia imeharibika", anaona gharama. Akipata inayosema "imechimbwa mwezi fulani, kutoka hapa hadi pale, na waliokuwa na vizibao vya kampuni fulani, picha hizi hapa", anaona mtu mwingine wa kulipa. Barua ya pili husomwa mpaka mwisho.

Mengine ni mafupi. Mwandikie karani wa mji, nakala kwa mhandisi na diwani. Usiondoke bila muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukinyamaziwa, omba kwa maandishi mpango wa matengenezo wa robo mwaka huo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inawapa siku 21 kujibu. Na usingoje Julai, mwaka wa fedha unapoanza, kuomba njia mpya. Mipango huanza kupangwa miezi mingi kabla, Oktoba na Novemba.

Najua mtaniambia nitume picha mtandaoni. Aprili 2023 picha za mashimo ya Kampala zilifanya kazi kweli, Rais akaagiza bilioni 6 za shilingi zitolewe. Lakini picha nilizoziona zilikuwa za mashimo ya magari. Anayetembea kwa miguu, anayesukuma kiti cha magurudumu, hakuonekana.

Lipo linalonisumbua. Vijana wa mtaa wakichanga saruji na kuziba wenyewe, mwanafunzi hatavunjika mguu kesho. Lakini nimeona wakiziba na njia ya maji, mvua ikaingia madukani, na ofisi ikalifuta shimo kwenye orodha yake. Zamani niliwakataza. Siku hizi nawaonyesha pa kuachia tundu la maji, kisha nawaambia barua iende hata hivyo, na bado sijui kama nafanya sawa.

Barua ya mfuniko imeshapigwa muhuri. Yule mama nilimwomba radhi, na sahihi yake ndiyo ya kwanza. Tawi la mwembe limeanza kukauka. Leo jioni tunachomeka jingine, na tunalifunga kitambaa chekundu.