Kwa nini ugonjwa husambaa kazini kabla ya mtu wa kwanza kusema anaumwa?

Julai, saa kumi na moja alfajiri. Kosta ya wafanyakazi inatoka Ngaramtoni, inaokota watu Sakina, inakatiza mjini kuelekea hoteli iliyo upande wa Njiro. Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na baridi ya Julai si ya kutania. Madirisha yote yamefungwa, watu wamejikunyata ndani ya majaketi na shuka za Kimasai. Abiria 28 wanapumua hewa moja kwa dakika 40. Nyuma ya dereva, kiti cha tatu, ameketi muosha vyombo wa jikoni ambaye usiku ametapika mara mbili. Anakwenda kazini, na hajamwambia mtu.

Hoteli hii ni ya mfano tu, lakini kosta kama hiyo ipo kila alfajiri, iwe ya hoteli, ya shamba la maua huko Usa River au ya kiwanda cha Moshi. Swali ni kwa nini kijana huyu amepanda, na kwa nini siku mbili zinazofuata ndizo zitakazoamua kama wataugua watu watatu au thelathini.

Jibu la kwanza liko kwenye vijidudu vyenyewe. Magonjwa mengi huanza kuambukiza kabla mwenyewe hajajitambua, au wakati bado anasema "ni uchovu tu". Homa ya mafua huambukiza tangu siku moja hivi kabla ya dalili. Tetekuwanga huambukiza siku moja hadi mbili kabla upele haujatoka. Virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuharisha kwa ghafla, hukaa mwilini saa 12 hadi 48 bila dalili, na aliyepona huendelea kuvitoa chooni kwa wiki mbili au zaidi. Ndiyo maana siku uongozi unapompata "mgonjwa wa kwanza", mara nyingi huyo ni wa tatu au wa nne.

Jibu la pili liko mfukoni, na kwa maoni yetu ndilo zito zaidi. Deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, hulipwa kwa siku aliyoonekana. Asipokuja leo hana hela ya unga, na kesho nafasi yake imeshikwa na mwingine. Isitoshe, miezi ya baridi ndiyo miezi ya wageni wengi, kwa hiyo hata msimamizi hapendi kusikia kwamba mtu anaumwa. Mwenye ajira rasmi ana kinga: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa anayetimiza masharti na kuleta cheti cha daktari. Kibarua wa wiki mbili hafikiwi na kinga hiyo, na mara nyingi yeye ndiye aliyeshika sahani za wageni.

Hili ni la zamani. Mary Mallon, mpishi wa New York, alibainika mwaka 1907 kuwa amebeba vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua. Alitengwa, kisha mwaka 1910 akaachiwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Akapewa kazi ya kufua nguo, yenye ujira mdogo kuliko upishi. Akabadili jina, akarudi jikoni. Mwaka 1915 watu 25 waliugua katika hospitali ya wazazi alikokuwa akipika, wawili wakafa. Mamlaka zilikuwa zimemkataza kazi, lakini hazikumpa njia nyingine ya kupata kipato kile kile.

Kwa hiyo mahali pa kazi panapojua panachokifanya huanza na tangazo kabla ya kununua hata chupa moja ya dawa: anayesema anatapika, anaharisha au ana homa atarudishwa nyumbani na posho yake ya siku haikatwi, deiwaka naye akiwemo. Tangazo litolewe kabla ugonjwa haujaingia, lisemwe kwa mdomo kwenye kikao cha zamu, na lisainiwe na mwenye kushika fedha. Kuwalipa watu wawili siku tatu wakiwa nyumbani ni nafuu kuliko kutafuta wapishi wapya saba katikati ya Julai. Na jina la mgonjwa lisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Likiwekwa mara moja, wa pili hatasema.

Daftari la shilingi chache

Kinachofuata ni daftari la kawaida la shule, linalokaa kwa msimamizi wa zamu. Lina safu tano: tarehe, jina, dalili, saa zilipoanza, na mahali mhusika alipofanya kazi na kula katika saa 48 zilizopita. Safu ya saa ndiyo inayopuuzwa sana, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Kanuni ni hii: watu wawili wenye dalili zinazofanana, wa kitengo kimoja, ndani ya siku mbili, wahesabiwe kuwa mlipuko hadi ithibitike vinginevyo. Usingoje wa tano.

Sasa zisome zile saa. Kama watu tisa wametapika wote kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni, na wote walikula wali wa mchana wa wafanyakazi, huna haja ya kumtafuta mwambukizaji. Hiyo ni sumu ya bakteria kwenye chakula kilichokaa nje ya moto, ambayo hushika kati ya nusu saa na saa nane baada ya kula. Mwaga chakula hicho, lakini weka kidogo kwenye chombo safi ndani ya friji kwa ajili ya afisa afya. Kama wa kwanza ameugua Jumatatu usiku, wawili Jumatano asubuhi, watano Alhamisi, hapo ugonjwa unapita toka mtu hadi mtu. Ukiona hivyo, rudi kwenye safu ya mwisho. Huenda ukakuta wanne kati ya hao hawafanyi kazi pamoja kabisa, ila wanapanda kosta moja, au wanachota chai kwenye chupa moja yenye mpini ule ule na kijiko kimoja cha sukari.

Mashine ya alama za vidole nayo isisahaulike. Kila mfanyakazi huigusa mara mbili kwa siku. Wakati wa mlipuko izimwe, na msimamizi aandike mahudhurio kwa mkono wake mwenyewe. Kupitisha kalamu moja kwa watu 60 ni kurudi pale pale.

Matapishi sakafuni: dakika 30 zinazofanywa vibaya karibu kila mahali

Tuseme yule kijana ametapika tena, safari hii kwenye korido kati ya jiko na stoo. Kinachotokea sehemu nyingi: mtu anakimbilia dekio lile lile la kila siku, analichovya kwenye ndoo, anadeki, anaendelea na jiko kwa dekio hilo hilo. Amevieneza virusi mita 20 kwa dakika tatu.

Inavyotakiwa ni tofauti. Watu wote watoke eneo hilo, madirisha yafunguliwe. Matapishi yakimwagika hurusha matone madogo mbali kuliko jicho linavyoona, kwa hiyo chakula chochote kilichokuwa wazi karibu hapo kitupwe. Mtu mmoja tu asafishe, akiwa na glavu, aproni ya plastiki na barakoa. Afunike matapishi kwa karatasi au maranda, ayakusanye kuanzia pembeni kuja katikati, aweke kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Kisha aoshe kwa maji na sabuni, asuuze. Dawa ya klorini inafuata baada ya hapo, haitangulii, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu huisha nguvu kwa kupambana na uchafu wenyewe kabla haijavifikia vijidudu.

Vipimo. Jiki yenye klorini asilimia 3.5: kikombe 1 cha jiki kwa vikombe 6 vya maji hutoa dawa ya asilimia 0.5, ya kumwaga palipotapikwa. Kwa vitasa, mabomba, meza na swichi, mililita 300 za jiki kwenye ndoo yenye lita 10 za maji hutosha, nayo hutoa asilimia 0.1 hivi. Anayetumia unga wa klorini wa asilimia 70 apime gramu 70 kwa lita 10 kwa dawa kali, na gramu 14 kwa ile nyepesi. Soma lebo kwanza: chupa nyingi huitwa jiki na watu ilhali nguvu zake si hizo. Dawa ikae palepale, pakiwa pamelowa, kwa dakika 10. Hapa ndipo watu hukosea tena, wanapaka na kufuta papo hapo. Baada ya dakika 10 futa kwa maji safi, hasa kwenye vyuma vya jikoni, maana klorini hula chuma.

Makosa matatu yanayoharibu kazi yote: kuchanganya kwa maji ya moto, kutumia dawa ya jana iliyobaki kwenye ndoo wazi, na kuiacha juani. Kosa la nne ni la hatari kwa maisha. Jiki haichanganywi kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha gesi hiyo inaweza kumwangusha mtu.

Kitakasa mikono kina mipaka yake

Machi 16, 2020 ilipotangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini amepatikana Arusha, msafiri aliyeshukia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro siku moja kabla, ndoo za koki na chupa za kitakasa mikono zilijaa milangoni. Ilikuwa sahihi kwa ugonjwa ule. Virusi vya Korona na vya homa ya mafua vimevaa koti la mafuta, na kilevi huliyeyusha koti hilo. Virusi vya noro havina koti la mafuta, kwa hiyo kitakasa huvikosa kwa sehemu kubwa. Kwa ugonjwa wa kutapika na kuharisha, ndoo ya koki ina maana kuliko chupa ya kitakasa: maji yanayotiririka, sabuni, sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha. Tena pasiwepo taulo moja ya wote, maana huichafua tena mikono iliyokwisha kuoshwa. Karatasi, au mikono ikauke kwa hewa.

Ugonjwa wa kifua una jibu jingine, nalo ni hewa. Madirisha mawili yanayotazamana, yakiachwa wazi yote mawili, kwa kawaida hupitisha hewa vizuri kuliko moja peke yake. Kwenye kosta fungua la mbele na la nyuma, na watu waongeze koti.

Nani aende nyumbani, na kwa muda gani? Kumtenga mgonjwa na kumweka mtu karantini ni mambo mawili. Anayetengwa anaumwa. Aliye karantini haumwi bado, ila alikuwa karibu na mgonjwa. Kwa ugonjwa wa tumbo, mhusika akae nyumbani hadi zipite saa 48 tangu alipotapika au kuharisha kwa mara ya mwisho, na akirudi, siku za mwanzo apangiwe bustani au ghala, asiguse chakula. Kwa homa ya mafua, saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa, kwani aliyekunywa parasetamo asubuhi huonekana mzima hadi mchana. Kwa tetekuwanga, hadi malengelenge yote yakauke na kufanya ukoko. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kupima kifua kikuu, na asifukuzwe. Akianza dawa vizuri, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi haambukizi tena. Waliokaa karibu na mgonjwa waendelee na kazi huku wakiulizwa hali zao kila zamu inapoanza, isipokuwa afisa afya aelekeze karantini.

Kuna hali ambazo daftari na jiki havitoshi. Mtu anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, anayetokwa damu, au homa kali kwa aliyetoka eneo lenye mlipuko, si wa kurudishwa nyumbani kwa daladala. Piga simu 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, mjulishe afisa afya wa kata, na mgonjwa asubiri kwenye chumba chake peke yake, choo chake peke yake. Anayeharisha aanze kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti wakati mkisubiri usafiri.

Mlipuko uhesabiwe umekwisha pale unapopita muda mara mbili ya ule mrefu zaidi ambao ugonjwa hujificha mwilini, bila mgonjwa mpya. Kwa virusi vya noro ni saa 96, yaani siku nne kamili tangu mgonjwa wa mwisho alipopata nafuu. Hoteli nyingi huacha siku ya pili, mara tu wapishi wanaporudi na kelele za jikoni zinapoanza tena. Siku ya tatu na ya nne ndoo ya klorini ichanganywe upya kila asubuhi kama kawaida, mashine ya vidole ibaki imezimwa, na yule muosha vyombo alipwe siku zake tatu kabla hajapanda kosta ya kwanza.