Hoteli ya kifahari Zanzibar na watoto: yanayosemwa Dar na ukweli wake

Kila shule zikikaribia kufungwa, Juni na Desemba, ndugu na majirani wa hapa Tabata huanza kuniuliza: tuwapeleke watoto wapi? Wengine wameshaweka akiba mwaka mzima, wameona picha za hoteli za kifahari za Unguja, na wamesikia maneno mengi. Baadhi ya maneno hayo huwanyima watu safari waliyoimudu. Mengine yanaweza kumhatarisha mtoto, ndiyo maana nayaandika.

“Zile ni hoteli za wazungu, sisi hatuziwezi”

Bei unayoiona kwenye mitandao ya kuhifadhi vyumba mara nyingi ni ya wageni wa nje. Hoteli nyingi zina bei nyingine ya wakazi, na haitangazwi sana. Piga simu hotelini moja kwa moja, sema wewe ni Mtanzania, uliza bei ya wakazi kwa tarehe zako. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, bei hushuka, ingawa hoteli nyingine hufunga kabisa Aprili na Mei ili zifanye ukarabati.

Kisha uliza habari za watoto, umri kwa umri. Kuna hoteli ambazo mtoto mdogo akilala chumba cha wazazi halipiwi, na kuna zinazotoza nusu. Mwenye watoto watatu anaweza kuambiwa achukue vyumba viwili. Aulize kama kuna chumba cha familia, au vyumba viwili vyenye mlango katikati. Majibu yote yaje kwa maandishi.

“Nimeshalipa, kila kitu kimo”

Safari yetu ya kwanza tulilipia malazi na milo mitatu, nikaamini na vinywaji vimo. Siku ya kuondoka tukaletewa bili ya maji, soda na juisi za siku nne, watu watano. Milo mitatu maana yake ni chakula tu. Kuna malazi na kifungua kinywa, kuna yanayoongeza chakula cha usiku, kuna milo mitatu, na kuna bei inayojumuisha vinywaji pia. Hata hiyo ya mwisho mara nyingi huacha nje kambakochi, vinywaji vya gharama, masaji, kuzamia na safari za mashua. Uliza pia kodi ya miundombinu, inayotozwa kwa kila usiku, kama imo kwenye bei au utailipa ukifika.

“Chumba kikitazama bahari, watoto wataogelea kutwa”

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, maana picha za hoteli hupigwa maji yakiwa yamejaa. Ukanda wa mashariki wa Unguja, yaani Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani, una maji ya kina kifupi yaliyozuiwa na mwamba wa matumbawe. Maji yakipwa, bahari huondoka mbele ya chumba chako na unaweza kutembea zaidi ya kilomita moja ukiifuata. Mtoto aliyeamka na nguo ya kuogelea mkononi anakuta mchanga na madimbwi. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, maji hayaendi mbali hivyo, na mtu anaweza kuogelea karibu saa zote za mchana.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Mvuvi wa Kunduchi hahitaji kuelezwa haya. Wewe wa mjini tazama kalenda ya Kiislamu ukutani: mwezi ukiandama na ukifika kumi na tano ndipo penye bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku hizo bahari huwa mbali katikati ya asubuhi, kisha hurudi na kujaa alasiri. Kati ya bamvua na bamvua ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Kama mmepata chumba mashariki, pangeni siku kwa maji: siku za bamvua, asubuhi bwawani au matembezini, alasiri baharini.

Wala msichukie maji kupwa. Mwanangu wa kiume anakumbuka saa mbili alizotembea na baba yake Jambiani kuliko bwawa lenye bomba la kuteleza. Aliona viti vya pweza, wale viumbe wa umbo la nyota, kaa, na akina mama wakifunga mwani kwenye kamba, kazi ambayo imewalisha watu wa pwani ile tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Watoto wavae viatu vya kufunga, kwa sababu kuna viumbe vyeusi vyenye miba inayovunjikia mguuni. Viti vya pweza waviache majini. Na mgeuke kurudi kabla maji hayajaanza kujaa. Yakianza, hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yenu, kati yenu na ufukwe.

“Kuna watu wa kuwaangalia watoto”

Nasema hili kwa uzito wote. Chumba cha michezo ya watoto hotelini kwa kawaida hupokea walio na miaka minne na zaidi. Aliye chini ya hapo anatakiwa awe na mtu wake. Mabwawa mengi hayana mwokoaji, au anakuwepo kwa saa chache. Na mtoto anayezama hapigi kelele kama tunavyoona kwenye sinema. Anazama kimya, kwa muda mfupi kuliko wa kujibu ujumbe mmoja wa simu. Maboya ya mikononi ni ya kuchezea, hayaokoi.

Familia nyingi za Dar husafiri na dada wa nyumbani na kumwachia watoto kando ya bwawa. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui kuogelea. Si haki kumtwika mzigo huo, na si salama. Wazazi wapeane zamu: aliye zamu hana simu, hana kitabu, na mtoto asiyejua kuogelea yuko umbali wa mkono wake.

“Sisi weusi jua halituunguzi”

Rangi ya ngozi yetu hupunguza madhara, haiyazuii. Unguja iko nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta, na maji na mchanga mweupe hurudisha miale usoni. Binti yangu alirudi na mabega yanayochubuka na hakulala usiku mbili. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni wavae fulana na kofia, wapakwe losheni ya kukinga jua kila baada ya saa mbili na kila wakitoka majini. Mtoto aliye chini ya miezi sita mkingeni kwa kivuli na nguo. Kwa mtoto mwenye ualbino, nguo za mikono mirefu hazina mjadala, hata siku ya mawingu.

Mengine niyapitie haraka. Mtanzania hahitaji pasipoti kwenda Zanzibar. Beba kitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ile bima ya safari ya dola 44 ya kuingia Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024, ni ya wageni wa kutoka nje ya nchi. Ramadhani hoteli huwapa wageni wake chakula kama kawaida, ila msile wala kunywa hadharani mchana, na Mji Mkongwe na vijijini funikeni mabega na magoti mwezi wowote. Juni hadi Agosti mvua ni chache, lakini upepo wa kusi huvuma na bahari huchafuka. Safari ya boti kutoka Dar huchukua kama saa mbili, kaeni chini, katikati ya chombo, na muulizeni mfamasia dawa ya kichefuchefu inayofaa umri wa mtoto kabla ya siku ya safari. Na mkishuka bandari ya Malindi, Mji Mkongwe, hamjafika: Nungwi ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari.

Si lazima pia kisiwa kiwe Unguja. Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995, na kuanzia Oktoba papa potwe (whale shark) huja karibu na mji wa Kilindoni. Na hapahapa Dar kuna Mbudya, mwendo mfupi wa boti kutoka Kunduchi. Mdogo wangu ana mtoto wa miaka mitano na wamepanga Kiwengwa Desemba hii. Nimemwomba wampeleke Mbudya kwanza, Jumamosi mbili tatu, azoee maji ya chumvi puani akiwa mikononi mwa mama yake.