Makutano ya mipaka: yanayosemwa barazani na yaliyomo ardhini

Hapa Tanga, anayenunua kiwanja Pongwe huonyeshwa kwanza bikoni: kipande cha nondo kilichozungushiwa zege, kimechomoza kidogo tu juu ya udongo, na mara nyingi bikoni hiyo moja huwa kona ya viwanja vitatu au vinne kwa pamoja. Kila mwenye kiwanja anajua kwamba bikoni haihamishwi. Ajabu ni kwamba watu hao hao, mazungumzo ya barazani yakigeukia mahali ambapo mipaka ya nchi au majimbo kadhaa hukutana, husahau yote wanayoyajua kuhusu bikoni zao.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba nukta hiyo huweza kupatikana na yeyote mwenye simu na namba za latitudo na longitudo. Ukweli ni kwamba namba hizo hazina maana mpaka ujue zimepimwa kwa mfumo gani. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu hutumia mfumo wa WGS 84. Ukisoma namba za jiwe la mpaka kwenye ramani ya upande wa Horohoro, mpakani na Kenya, kisha ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, utasimama takriban mita 300 kutoka kwenye jiwe lenyewe. Juu ya karatasi huo ni umbali wa milimita 6, unaofunikwa na ncha ya kidole. Porini unatosha kukuweka katika nchi nyingine.

Mkanganyiko wa jamii hiyo ulivuma Marekani mwaka 2009, vyombo vya habari vilipotangaza kwamba alama ya Four Corners, yanapokutana majimbo ya Utah, Colorado, Arizona na New Mexico, iko kilomita 4 nje ya mahali pake. Waliotangaza hivyo walidhani mpaka ulikusudiwa kupita kwenye nyuzi 109 kamili magharibi ya Greenwich. Lakini Bunge la Marekani, lilipoweka mpaka wa Colorado mwaka 1861, lilihesabu nyuzi 32 magharibi ya Washington, kwa kuwa Greenwich ilikubaliwa kimataifa kuwa chanzo cha longitudo mwaka 1884 tu. Na hesabu ya Washington haiangukii kwenye 109 kamili, bali dakika 3 na ushei zaidi. Wataalamu wa serikali walipolipima jambo hilo upya, walikuta alama ipo takriban mita 550 mashariki ya mahali palipokusudiwa. Mtu aliyelisimika jiwe la kwanza, Chandler Robbins, alifanya kazi hiyo mwaka 1875, na kwa vifaa vya wakati ule mimi sioni cha kumlaumu.

Hapo huzuka dhana ya pili, kwamba alama iliyokosewa lazima ihamishwe. La hasha. Mwaka 1925, katika shauri kati ya New Mexico na Colorado, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mstari uliopimwa ardhini na kukubaliwa kwa miaka mingi ndio mpaka wa kisheria, hata kama mpimaji aliukosa mstari ulioandikwa. Kwa hiyo nukta sahihi ya Four Corners ipo pale ilipo alama, wala si pale ambapo namba zinasema ingekuwa. Mpimaji wa viwanja wa Tanga huanza vivyo hivyo: huitafuta kwanza bikoni ya asili, hata kwa jembe, kabla ya kuiamini karatasi.

Wengine husema kwamba barani Afrika pia nchi nne hukutana katika nukta moja, kule Kazungula kwenye mto Zambezi: Zambia, Zimbabwe, Botswana na Namibia. Si hivyo. Huko kuna nukta mbili za nchi tatu tatu, na baina yake upo mpaka mfupi wa Zambia na Botswana wa takriban mita 150 tu. Vipimo hivyo vidogo vilikuwa na uzito wa kisiasa, maana mwaka 1970 Afrika Kusini, iliyokuwa ikiitawala Namibia, ilidai kwamba Zambia na Botswana hazipakani kabisa. Leo lipo daraja la mita 923, lililofunguliwa Mei 2021, nalo limepinda ili lisiingie Zimbabwe.

Na si kila makutano yana jiwe. Kenya, Uganda na Tanzania hukutana katikati ya maji ya Ziwa Victoria, kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini, mahali ambapo mvuvi hupita juu yake bila kuona chochote. Kwa kuwa hakuna bikoni ya kuishinda namba, hapo mwenye simu anaruhusiwa kubishana, mradi ajue kwanza simu yake inahesabu kwa mfumo gani.