Moyo ukianza kwenda mbio ghafla: maswali na majibu kuhusu shambulio la hofu

Shambulio la hofu ni ile hali ya kushikwa ghafla: moyo unadunda, pumzi inakata, mikono inakufa ganzi, na mtu anaamini kabisa kwamba anakufa. Wengi huanza kwa kupima presha, wakapima moyo, wakapima malaria, na kila jibu likarudi safi. Maswali haya huulizwa sana na watu waliofika hapo, na ambao wangependa kuanza kujisaidia bila dawa.

Nilikuwa kwenye basi la mwendokasi, Dar es Salaam, jioni natoka kazini, gari limejaa. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanitoka, vidole vikafa ganzi, nikasema leo nakufa. Hospitali wamepima moyo wakasema sina kitu. Sasa ile ilikuwa nini?

Pole sana, dada. Kuambiwa "huna kitu" kunaudhi, kwa sababu kitu kilikuwepo, na ulikisikia mwili mzima. Walichotaka kusema ni kwamba moyo wako ni mzima. Ulivyoeleza ndivyo shambulio la hofu lilivyo.

Mwili una mpango wake wa dharura. Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi ili misuli ipate damu ya kukimbilia. Pumzi hupanda. Jasho hutoka ili kupoza mwili. Tumbo huvurugika, ndiyo maana wengine hukimbilia choo. Ungekutana na nyoka shambani, hayo yote yangekufaa sana. Shida ni kwamba mpango huu huweza kuwaka pasipo nyoka yeyote, kama king'ora cha gari kinacholia usiku wa manane kwa sababu paka karukia boneti.

Ganzi nayo ina maelezo yake. Ukihema haraka haraka unatoa kabonidayoksaidi nyingi mno. Ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hubana kidogo, unapata kizunguzungu, midomo na vidole vinachomachoma, na watu walio mbele yako wanaonekana kama wako kwenye ndoto. Kwa hiyo ule wakati unaojiona huna hewa, mara nyingi unapumua kupita kiasi.

Mara nyingi shambulio hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha huanza kushuka lenyewe hata usipofanya chochote, kwa sababu adrenalini haikai kwenye damu muda mrefu. Linaloliongezea muda ni tafsiri. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza mzunguko huu: mtu anasikia moyo ukidunda, anasema "huu ni mshtuko wa moyo", hofu inaongezeka, adrenalini inamwagika tena, moyo unadunda zaidi, naye anapata ushahidi kwamba hakukosea. Tiba karibu zote zisizo za dawa zinajaribu kuukata mzunguko huo mahali fulani.

Nitajuaje kama kweli si moyo?

Mara ya kwanza usijipe jibu mwenyewe, nenda hospitali. Nenda haraka zaidi kama kifua kinabana kama kimewekewa mzigo na maumivu yanaelekea mkononi, shingoni au kwenye taya, kama maumivu yanakuja ukipanda ngazi au ukibeba kitu na kuisha ukipumzika, kama umezimia, au kama una kisukari, shinikizo la damu au unavuta sigara.

Mwambie daktari aangalie na vingine vinavyofanana na hofu: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, sukari kushuka, pumu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Taja na dawa unazotumia. Dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamol, hupandisha mapigo na kutetemesha mikono. Efavirenz, dawa ya VVU iliyotumika sana miaka ya nyuma, iliwaletea wengine wasiwasi na ndoto mbaya. Usiache dawa yoyote kwa kuhisi tu, uliza kwanza.

Ukishapimwa vizuri ukaambiwa moyo ni mzima, hapo simama. Nasema hivi kwa sababu nawaona watu wenye faili nene la vipimo vya moyo kutoka hospitali nne, na mashine ya presha iko kando ya kitanda. Kila ukipima unatulia kwa saa moja, halafu shaka inarudi ikidai kipimo kingine. Ikitokea dalili mpya kabisa, hiyo ni habari nyingine, rudi ukaonwe.

Likinishika, nifanye nini pale pale?

Baki ulipo kama ni salama. Ukiwa unaendesha gari au pikipiki, egesha pembeni.

Weka kiganja juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua taratibu ukihesabu hadi 4, tumbo lisukume kiganja. Toa ukihesabu hadi 6, taratibu, kama unapoza uji. Ukienda hivyo unapata kama pumzi 6 kwa dakika, na huko kutoa kwa muda mrefu ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo. Usivute pumzi kubwa kubwa. Ushauri wa "vuta hewa nyingi" ambao kila mtu hukupa pale kituoni ndio unaozidisha kizunguzungu. Fanya dakika 4 au 5.

Jiambie maneno machache ya kweli: "Hii ni adrenalini. Imeshawahi kunijia, ikaondoka." Legeza mabega na taya. Kisha rudi kwenye ulichokuwa unafanya, hata mikono ikitetemeka. Kama ulikuwa unahesabu chenji, endelea kuhesabu.

Hapa wengi hukwama. Wanapumua huku wanajichunguza kila sekunde: imeisha? mbona bado? Hapo pumzi imekuwa njia nyingine ya kukimbia, na mwili unaendelea kuamini kuna hatari. Iache ipande, ukijua itashuka.

Kuhusu kuzimia, ambako ndiko kunakoogopwa zaidi: mtu huzimia presha inaposhuka, na kwenye shambulio la hofu kwa kawaida hupanda. Kuzimia kwa hofu hii hutokea mara chache sana. Wanaozimia wakiona damu au sindano ni kundi tofauti.

Nimeona wanasema upumulie kwenye mfuko wa karatasi.

Huo ni ushauri wa zamani. Kama kumbe tatizo ni pumu au moyo, mfuko utakunyima hewa unayoihitaji. Uache.

Tangu siku ile sipandi tena mwendokasi. Nachukua bodaboda kutoka Kimara hadi Posta kila siku, hela inaisha. Nifanyeje nirudi?

Swali hili nalipa nafasi kubwa, kwa sababu hapa ndipo ugonjwa unapojengeka. Shambulio lenyewe ni la dakika chache. Kinachoharibu maisha ni kuliogopa linalofuata. Leo unaacha basi, kesho unaacha foleni ya benki, kesho kutwa unakaa kiti cha nyuma kabisa kanisani au unaswali nyumbani, mwisho hutoki bila mtu wa kukusindikiza. Kila unapokwepa unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo inaufundisha ubongo kwamba pale palikuwa na hatari kweli.

Njia ya kurudi ni ileile uliyoendea, hatua kwa hatua. Chukua daftari, andika safari kuanzia nyepesi hadi ile usiyotaka hata kuiwaza. Kwako inaweza kuwa hivi. Kwanza unaingia kituo cha Kimara saa 5 asubuhi, watu wachache, unakaa tu ukiangalia mabasi yanapita. Halafu unapanda hadi Ubungo, unashuka. Halafu hadi Magomeni. Halafu hadi Kivukoni, bado ni mchana. Kisha unarudia safari zilezile jioni, gari likiwa limeshona.

Kanuni ni mbili. Ya kwanza, usishuke hofu ikiwa juu. Subiri ilegee, hata kidogo, ndipo ushuke. Ukishuka ikiwa kileleni, umeithibitisha. Ya pili, rudia hatua moja mara nyingi, ikiwezekana kila siku, mpaka ianze kukuchosha, ndipo uende inayofuata. Kufanya mara moja kwa wiki hakusaidii sana.

Halafu kuna vile vitu unavyoshikilia ili uwe salama: chupa ya maji ambayo hunywi, kusimama mlangoni, simu mkononi ikiwa tayari kumpigia dada yako. Mwanzoni sawa, viwepo. Lakini viondoe kimoja kimoja, la sivyo utasema "nilipona kwa sababu nilikuwa na maji".

Kuna zoezi jingine linaloonekana la kichaa kidogo, ila wanasaikolojia hulitumia sana: kuzitafuta dalili kwa makusudi ukiwa nyumbani. Unakimbia ukiwa mahali pamoja, bila kusogea, dakika moja mpaka moyo udunde. Unazunguka kwenye kiti mpaka upate kizunguzungu. Unabana pua na kupumua kwa mrija wa soda kwa dakika moja. Baada ya kurudia siku kadhaa, moyo kudunda unabaki kuwa moyo kudunda tu. Kama una pumu, kifafa, tatizo la moyo au ni mjamzito, usilijaribu bila daktari.

Mama anasema hili ni jini, twende kwa mtaalamu. Nimkatalie?

Usigombane na mama. Kote pwani, na bara pia, mtu akishikwa ghafla, akatetemeka na kusema anakufa, maelezo ya kwanza ni jini, pepo au mkono wa mtu. Mama anakutafutia msaada kwa njia anayoijua.

Dua, sala na dhikiri ziendelee kama ndizo zinazokutuliza. Wengi pumzi zao hushuka zenyewe katika kurudia maneno taratibu. Pale ninapokuwa mkali ni kwenye kufunga siku nyingi bila chakula, kunywa dawa usiyojua imechanganywa nini, kuchapwa, au kuambiwa jirani fulani ndiye aliyekuroga. Hayo ya mwisho yanaongeza hofu mahali ambapo hofu ndiyo ugonjwa wenyewe. Unaweza kumwambia: "Mama, dua nashukuru, na kliniki nitakwenda pia."

Mimi sishikwi ghafla. Mimi nawaza tu, mchana kutwa: ada, kodi, mtoto akiugua. Usiku silali.

Hiyo ni ndugu yake, wasiwasi wa muda mrefu, na mbinu zake ni tofauti kidogo. Tenga dakika 20 kila siku, tuseme saa 12 jioni, mbali na kitanda. Wazo likija saa 4 asubuhi, liandike neno moja na uliambie lisubiri. Saa 12 fungua karatasi, gawa mafungu mawili. Ada ya muhula ina la kufanya: andika hatua moja ya kesho, kwa mfano kwenda kuongea na mhasibu wa shule ili ulipe kwa awamu. "Mtoto akija kuugua" haina la kufanya leo. Inaachwa kwenye karatasi.

Kulitatua tatizo moja dogo badala ya kuyazungusha yote kichwani kumejaribiwa Afrika na kufaa. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani wakae kwenye benchi nje ya zahanati huko Mbare, Harare, wawasikilize watu "wanaofikiri sana" na kuchagua nao tatizo moja la kushughulikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nairobi nako, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao 5 vinavyoendeshwa na watu wa kawaida waliofundishwa uliwapunguzia dhiki ya akili wanawake waliopitia ukatili. Kwa hiyo hata kama mwanasaikolojia yuko mbali, mtu mzima mwenye busara, anayeweza kukusikiliza bila kukatiza, ni mwanzo mzuri.

Kahawa, miraa, bia?

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu hupandisha mapigo. Punguza kidogo kidogo kwa wiki mbili uone. Miraa ni vilevile, pamoja na kukunyima usingizi. Bia hutuliza usiku na kukulipisha alfajiri: pombe inapotoka mwilini, mtu huamka moyo ukidunda.

Nimeandikiwa diazepam, dawa ya kutuliza. Niiache nitumie hizi mbinu?

Usiiache ghafla, hasa kama umeitumia zaidi ya wiki chache. Mwili huizoea, na kuikata kwa mara moja kunaweza kuleta hofu kali zaidi na hata degedege. Daktari atakupunguzia polepole. Zipo dawa nyingine za muda mrefu zisizoleta uraibu, na kuna watu wanaozihitaji kweli: asiyeweza kutoka nje kabisa, mwenye sonona juu ya hofu, aliyefanya mazoezi haya miezi na hajasogea. Anayewaza kujidhuru asisubiri mazoezi wala miadi. Aende hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Hospitali za rufaa za mikoa huwa na kliniki ya afya ya akili, na kwenda huko hakumaanishi kwamba umekuwa mtu wa Mirembe au Mathari, zile hospitali kubwa za akili, kama watu wanavyotaniana.

Mume wangu huamka usiku anahema, ananishika mkono, anasema anakufa. Nami nachanganyikiwa. Nimfanyie nini?

Mashambulizi ya usingizini yapo, mama, na huanza mwili ukiwa umelala bila ndoto yoyote. Kama hajawahi kupimwa, mpeleke akapimwe kwanza. Kama ameshapimwa, washa taa, kaa naye, ongea kwa sauti ya chini. Usimmwagie maji, usiwaite majirani, usimwambie "acha uoga". Pumua wewe polepole, pumzi isikike, naye ataifuata. Mwambie, "Ni ile hali. Nipo." Usimuulize kila dakika kama amepata nafuu.

Ikishashuka, mpe maji, mrudi kulala kitanda kilekile, taa izimwe kama kawaida yenu. Mazungumzo marefu yasubiri mchana. Na mchana huo mkubaliane jambo moja: ikimshika tena atakuamsha usiku wa kwanza na wa pili, halafu wa tatu ataanza mwenyewe kuhesabu pumzi kabla ya kukuamsha.