Je, wajua kwa nini kulala kitandani hakuzuii njiti mwingine?

Mama aliyewahi kujifungua njiti, yaani kabla ya kutimiza wiki 37, akishika mimba tena huku Mwanza, ukoo humwandikia matibabu kabla ya daktari. Ndoo anapokonywa, dagaa wa kuanika wanahamishiwa kwa wifi, na yeye anaambiwa alale hadi siku ifike. Yule wa kwanza alitoka mapema kwa sababu mama alikuwa akiinama na kubeba, wanasema. Asipoinama, wa pili atakaa.

Hoja inavutia, ila mimba haishikiliwi na mkao wa mama. Inashikiliwa na shingo ya kizazi, na hiyo kwa sehemu kubwa si msuli: ni nyuzi ngumu za protini iitwayo kolajeni. Chukua gunia la dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, mdomo umeshonwa kwa uzi. Uzi ukiwa mzima, gunia linatupwa, linakaliwa, linabebwa begani, wala hamwagiki dagaa. Uzi ukianza kuoza, litaachia hata likiwa limelazwa stoo, kwa sababu kulilaza si kulishona.

Miongoni mwa vinavyoozesha uzi ni maambukizi, ya ukeni au ya njia ya mkojo, au damu inayovuja nyuma ya kondo. Mwili hujibu kwa kumwaga kemikali zinazofanana na zile za uchungu wa kweli, nazo hulegeza kolajeni. Ajabu yake ni kwamba ulegevu huanzia ndani, upande wa mtoto. Mkunga anaweza kupima kwa kidole akakuta pamefunga, kumbe juu pameshaanza kufunguka. Ndiyo maana shingo hupimwa kwa ultrasaundi ya kupitia ukeni, kati ya wiki ya 16 na 24. Ikiwa chini ya milimita 25, ni fupi. Hapo daktari anaweza kuishona kwa uzi halisi, utakaotolewa kwenye wiki ya 36 au 37, au kumpa mama vidonge vya projesteroni, homoni inayotunza mimba, vya kuweka ukeni. Si kila mtu anafaa kushonwa. Kwa mimba ya mapacha, kwa mfano, nyuzi si tiba ya kawaida.

Na kitanda? Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, kuhusu mimba za mtoto mmoja yalipata jaribio moja tu la kuzingatia, la wanawake 1,266. Walioagizwa kulala, asilimia 7.9 walijifungua njiti. Wasioagizwa, asilimia 8.5. Pengo hilo halijengi hoja, ingawa jaribio moja pia halifungi mjadala. Madhara ya kulala ndiyo yana ushahidi mzuri zaidi: ujauzito tayari huifanya damu kuganda kirahisi, na miguu isiyotembea huongeza hatari hiyo. Haya hayana maana mama arudishiwe ndoo zote mbili. Kazi nzito na kusimama saa nyingi vimehusishwa na njiti kwa kiasi kidogo, kwa hiyo kupunguziwa mzigo ni busara. Kufungiwa chumbani ni jambo jingine.

Anayepanga mimba nyingine asaidiwe kwanza kwa swali ambalo mkunga mzuri huanza nalo: "Chupa ilipasuka kwanza, uchungu ulianza wenyewe, au walikutoa kwa sababu ya presha?" Majibu hayo matatu yana mipango tofauti. Wa presha huenda akaandikiwa aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 16, na hapo shingo ya kizazi haihusiki kabisa. Kanda ya Ziwa ina malaria, basi chandarua na dozi za SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, kuanzia miezi mitatu ya kati ni vya lazima, isipokuwa daktari aseme vinginevyo. Kichocho cha ziwani hupunguza damu na kinafaa kutibiwa mapema, ila ushahidi kwamba chenyewe huleta njiti bado ni mwembamba.

Halafu kuna muda. Aliyempoteza njiti hushinikizwa "kuziba pengo" haraka, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 ipite tangu kujifungua mtoto aliye hai kabla ya kushika mimba tena. Njiti mmoja huongeza uwezekano wa mwingine kwa takriban mara moja na nusu hadi mbili, lakini wengi bado hufikisha wiki zao. Waliopata wawili wako kwenye hatari kubwa zaidi, na hao waonwe na daktari bingwa kabla ya mimba, si baada.

Kliniki ianze kabla ya wiki ya 12, maana bila tarehe sahihi huwezi kujua nani ni njiti. Anayeishi kisiwani Ukerewe apange pia mapema atakuwa wapi kuanzia wiki ya 28: sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto huchomwa kabla hajazaliwa, na ukiwa bado safarini katikati ya ziwa hakuna wa kuichoma.